Filamu ya nchi jirani: kwa nini tukae tuijadili baada ya kuitazama?

Wengi wetu hapa Katavi tumezoea kutazama filamu za nje kwenye kibanda umiza, sauti ya mtafsiri ikiwa juu. Ikiisha, kila mtu anashika njia yake. Lakini ipo namna nyingine: kijiji kinatazama pamoja, kisha kinakaa kuzungumza.

Jirani zetu wa Rwanda wana mfano. Kuanzia 2005, tamasha la filamu lililoanzishwa na Eric Kabera, maarufu kwa jina la Hillywood, lilipeleka vijijini skrini kubwa inayojazwa upepo. Watu walitazama uwanjani, zikiwemo filamu za Kinyarwanda.

Kwa nini mjadala? Kwa sababu filamu ni macho ya aliyeitengeneza. Hotel Rwanda ya 2004 inahusu mauaji ya kimbari ya 1994, lakini sehemu kubwa ilirekodiwa Afrika Kusini. Hilo halifanyi mauaji yale kuwa hadithi ya kubuni. Yalitokea kweli, kwa takriban siku 100. Linatukumbusha tu kwamba saa mbili za filamu haziwezi kubeba nchi nzima.

Kwetu jambo hili liko karibu zaidi. Makazi ya Katumba na Mishamo yalipokea Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Baadaye, zaidi ya 160,000 kati ya wakimbizi hao na watoto wao, pamoja na wa Ulyankulu mkoani Tabora, walikubaliwa uraia wa Tanzania. Kwa hiyo ukionyesha filamu kuhusu Burundi hapa kwetu, huenda mzee aliyekaa kwenye benchi la nyuma ndiye aliyeyapitia.

Basi tufanyeje? Kabla ya kuanza, mwandaaji aeleze filamu inahusu nini na kama ina picha za kutisha, ili wazazi waondoe watoto na anayetaka kutoka atoke bila aibu. Ikiisha, tuulize: Nani amesikika? Nani hakusikika? Kipi kinafanana na maisha yetu?

Tusimlazimishe mtu kusimulia machungu yake mbele za watu. Akitaka mwenyewe, tumsikilize hadi mwisho. Wala tusihukumu kabila au taifa zima kwa picha tulizoona usiku mmoja.

Je, kijijini kwenu mmewahi kutazama filamu na kuijadili? Tutumie ujumbe, tuusome hewani.