Jaguar E-Type: namba ya chasisi hutoa siri ya usukani

Jaguar E-Type yenye usukani wa kulia inapotangazwa kuuzwa Uingereza, mnunuzi mzoefu haanzi kwa kuuliza rangi wala mwendo. Huuliza kama usukani huo uliwekwa kulia kiwandani Coventry, au ulihamishwa baadaye gereji. Jibu la swali hilo hubeba sehemu kubwa ya bei.

Sababu ni uhaba. E-Type ilizinduliwa Geneva mwezi Machi 1961, ikauzwa Uingereza kwa zaidi kidogo ya pauni 2,000, na ikaendelea kutengenezwa hadi 1974. Kwa jumla yalitoka magari zaidi ya 72,000. Mengi yalipelekwa Marekani, yakiwa na usukani wa kushoto. Katika toleo la kwanza la injini ya lita 3.8, magari ya paa la kukunja yalikuwa karibu 7,800, lakini yenye usukani wa kulia hayakufika 1,000.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 bei za magari ya kale zilipaa. Wafanyabiashara wa Uingereza wakavuka bahari kuyarudisha yale ya Marekani, hasa kutoka majimbo makavu kama California ambako kutu haikuyala sana. Mengi yalihamishwa usukani ili yauzike nyumbani. Bei zilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini magari hayo yalibaki sokoni. Yamepita kwa wamiliki kadhaa, na si kila muuzaji wa leo anajua, au anataka kusema, gari lake lilianzia wapi.

Anza na namba

Bahati nzuri kwa mnunuzi, kiwanda kilitenga namba za chasisi kwa upande wa usukani. Kwa magari ya lita 3.8, ya paa la kukunja yenye usukani wa kulia yalianzia 850001, na ya usukani wa kushoto 875001. Ya paa gumu yalianzia 860001 kwa kulia na 885001 kwa kushoto. Kwa hiyo gari lenye namba inayoanza na 875 na usukani uko kulia, limegeuzwa. Hapo hakuna ubishi.

Toleo la lita 4.2 lililoingia mwaka 1964 linahitaji jicho kali zaidi. Ya paa la kukunja yenye usukani wa kulia yalianzia 1E1001, na ya kushoto 1E10001. Tofauti ni tarakimu moja tu, na msomaji mwenye haraka huipita bila kuiona.

Hata hivyo namba moja haitoshi. Kibati cha namba kinaweza kutengenezwa upya. Namba nyingine imegongwa kwenye fremu ya mbele, lakini fremu hiyo imefungwa kwa bolti na inaweza kubadilishwa. Ndiyo maana wanunuzi makini hulinganisha namba nne: chasisi, injini, bodi na giaboksi.

Karatasi kabla ya fedha

Namba hizo hupelekwa kwa Jaguar Daimler Heritage Trust, taasisi inayotunza kumbukumbu za kiwanda. Kwa malipo, hutoa cheti kinachoonyesha namba za awali, rangi, tarehe ya kutengenezwa, upande wa usukani na wakala aliyepokea gari likiwa jipya. Cheti kikitaja wakala wa New York, maneno matamu ya muuzaji hayana kazi tena.

Hati ya usajili ya Uingereza nayo husaidia. Huonyesha tarehe ya usajili wa kwanza, na pia tarehe gari liliposajiliwa Uingereza kwa mara ya kwanza. Gari la 1966 lililosajiliwa huko mwaka 1989 lilikuwa mahali pengine kwa miaka 23, na muuzaji hana budi kueleza lilikuwa wapi.

Ukaguzi wa fundi hufuata. Atazame ukuta kati ya injini na abiria kama una matundu yaliyozibwa au uchomeleaji mpya, na taa kubwa kama zinamulika upande unaotakiwa. Kwenye magari ya Marekani ya mwaka 1968 na kuendelea, atafute dalili za taa ndogo za ubavuni na kabureta mbili badala ya tatu. Lakini fundi asipoona kitu, hilo si ushahidi kwamba gari ni la asili. Vipuri vya kugeuza E-Type hupatikana madukani, na vingi hufungwa kwa bolti. Kazi nzuri haiachi alama.

Bei ya haki

Gari lililogeuzwa si gari bovu. Lenye bodi safi ya California linaweza kuwa bora kuliko la asili lililooza kwa mvua na chumvi ya barabara za Uingereza. Hasara huja pale mtu anapolipa bei ya la asili kwa lililogeuzwa. Tuseme tofauti ni pauni 15,000: mnunuzi ameipoteza siku ileile ya kutia saini, ingawa ataijua siku atakapotaka kuuza na mwenzake akaomba cheti.

Wanunuzi wa Afrika Mashariki waliozoea kukagua namba ya chasisi kwenye magari yaliyotumika ya Japani wanaifahamu kanuni hii. Namba kwanza, cheti pili, fundi tatu, fedha mwisho. Muuzaji anayekataa kutoa namba kabla ya malipo anauza mbuzi ndani ya gunia, na mbuzi huyo ni wa kumwachia mwenyewe.