MUKTADHA KATIKA ISIMU NA KATIKA KOMPYUTA: KIHISI, KIJENZI NA MAARIFA YA WAMBEERE

Utangulizi

Neno 'muktadha' si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Kauli "Mvua imekuja" yaweza kuwa taarifa, shukrani au onyo, kutegemea msemaji, mahali na wakati. Mwaka 1994, Bill Schilit na wenzake nchini Marekani walieleza programu za kompyuta zinazotambua muktadha, yaani zinazobadili utendaji wake kulingana na mahali, watu na vitu vilivyo karibu. Makala haya yanaeleza jinsi muktadha huo unavyoifikia programu, na kwa nini suala hili linawahusu wanalugha.

Kihisi na kijenzi

Kihisi ni chombo kinachopima hali fulani, kama vile joto, mwanga au unyevu. Chenyewe hutoa namba tu; hakitoi maana. Programu ikifungamanishwa moja kwa moja na namba hizo, kihisi kinapobadilishwa hulazimu programu nayo iandikwe upya.

Mwaka 1999, Daniel Salber, Anind Dey na Gregory Abowd wa Taasisi ya Teknolojia ya Georgia walipendekeza kijenzi kinachosimama kati ya kihisi na programu, mithili ya mkalimani. Kijenzi hupokea vipimo, huvifasiri, huweka kumbukumbu, kisha huzijulisha programu zilizoomba habari. Tuchukulie shamba lililoko Nchiru, Meru. Kijenzi kinachotangaza "udongo umekauka" chaweza kuihudumia programu ya umwagiliaji na ile ya utafiti kwa pamoja. Kihisi kikiharibika na kingine cha aina tofauti kikawekwa, kijenzi pekee ndicho hurekebishwa.

Mfano wa Mbeere

Katika nyanda kame za Mbeere, Embu, wazee wamebashiri ukame tangu zamani kwa kutazama miti, ndege, wadudu na upepo. Kuanzia mwaka 2010, Muthoni Masinde na Antoine Bagula walichapisha maelezo ya mfumo uitwao ITIKI, unaounganisha maarifa hayo na vihisi pamoja na simu za mkononi. Jina lenyewe ni la daraja la kiasili la Wambeere.

Katika mfumo wa namna hii, mzee anayeona mti ukichanua kabla ya wakati wake naye ni chemchemi ya muktadha, sawa na kihisi cha unyevu. Hata hivyo, ipo tofauti kubwa: kihisi husema kwa namba, ilhali mzee husema kwa lugha. Iwapo kijenzi kitaandika "mti umechanua" bila kutaja ni mti gani, ulichanua vipi na Wambeere huuitaje, ubashiri utakuwa umepoteza kiini chake. Mkalimani asiyejua istilahi hupotosha ujumbe, na anayepotoshwa hapa ni mkulima anayengoja kujua iwapo apande au asubiri.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba ubora wa kijenzi hautegemei ustadi wa mhandisi pekee. Majina ya miti, ya pepo na ya majira katika Kimbeere na Kimeru, pamoja na visawe vyake vya Kiswahili, yanahitaji kukusanywa na kufafanuliwa wazee wayajuayo wangali hai. Kazi hiyo ni ya mwanaleksikografia. Chombo kitakachobashiri ukame kitahitaji kamusi kama kinavyohitaji vihisi.