Kuondoka bila Kuaga, Kutoweka na Kutoroka: Tafsiri ya Kitenzi ‘abscond’ kwa Mifano ya Likombe na Pwani ya Ruvuma

Ikisiri

Kitenzi cha Kiingereza ‘abscond’ hufasiriwa mara nyingi kwa kitenzi kimoja cha Kiswahili, yaani toroka. Makala haya yanaonesha kwamba vitenzi hivyo havilingani. Kitenzi cha Kiingereza kimejengwa juu ya dhana ya kujificha, ilhali toroka kimejengwa juu ya dhana ya dai, yaani haki ambayo mtu au taasisi inahesabiwa kuwa nayo juu ya anayeondoka. Hoja hiyo inatetewa kwa ushahidi wa kisarufi na wa kihistoria, kisha athari zake kwa mfasiri wa matini za kisheria zinafafanuliwa. Mifano ya sentensi imetungwa kwa kuzingatia mazingira ya Mtwara.

1.0 Utangulizi

Tuseme baharia mmoja wa kata ya Likombe, katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, ameondoka alfajiri na hakuna aliyemwona. Tukio hilo linaweza kuelezwa kwa sentensi tatu:

(1) a. Baharia ameondoka bila kuaga.
b. Baharia ametoweka.
c. Baharia ametoroka.

Sentensi zote tatu zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, lakini hukumu zilizomo ndani yake ni tofauti. Sentensi ya (1a) inamlaumu baharia kwa upungufu wa adabu, kwa kuwa katika jamii ya Waswahili kuaga ni wajibu wa anayesafiri kwa wale anaowaacha. Sentensi ya (1b) haimlaumu. Inaeleza tu kwamba haonekani, na pengine amepatwa na jambo. Sentensi ya (1c) pekee ndiyo inayomtia hatiani, kwa sababu inadokeza kwamba kuna mtu ambaye baharia huyo hakuwa na ruhusa ya kumwacha: nahodha aliyempa malipo ya awali, mkewe, au polisi.

Tofauti hiyo ina uzito zaidi leo kuliko zamani. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania liliirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Kwa hiyo, uteuzi wa kitenzi kimoja badala ya kingine unaweza sasa kuingia katika hati ya mashtaka.

2.0 Maana ya ‘abscond’

Kitenzi ‘abscond’ kinatokana na Kilatini abscondere, yaani kuficha. Kiini chake ni siri: anayehusika huondoka kwa kujificha, aghalabu ili akwepe mkono wa sheria, na mara nyingi akiwa amechukua mali isiyo yake. Kisarufi, kitenzi hiki kikiwa na maana hiyo hakichukui yambwa. Mahali palipoachwa na mali iliyochukuliwa huelezwa kwa msaada wa vihusishi.

Kiingereza kina vitenzi vingine vya jamii hiyo ambavyo hugawana kazi. Kitenzi ‘decamp’, kilichotoka katika Kifaransa, kilihusu kwanza jeshi linalovunja kambi, na hata leo husisitiza zaidi ughafla kuliko hatia. Kitenzi ‘elope’ huhusu hasa wapendanao wanaoondoka pamoja ili waoane. Hivyo basi, sifa tatu zinapaswa kutenganishwa katika uchambuzi: siri, ughafla na dai. Swali la msingi ni kwamba toroka kinaibeba ipi kati ya sifa hizo kama sehemu ya lazima ya maana yake.

3.0 Sarufi ya toroka na toweka

Kitenzi toweka hukubali kiima chochote, chenye uhai au kisicho na uhai. Toroka, katika matumizi ya kawaida, hukataa kiima kisicho na utashi:

(2) a. Moshi umetoweka.
b. *Moshi umetoroka.
c. Ndama ametoroka zizini.

Utashi peke yake, hata hivyo, hautoshi. Mfano wa (2c) unakubalika kwa kuwa ndama ana mwenyewe. Tembo aliye porini akihama kutoka bonde moja kwenda jingine hasemwi kuwa ametoroka; akitoka katika bustani ya wanyama alimofungiwa, husemwa hivyo bila utata. Mnyama ni yuleyule na mwendo ni uleule. Kilichoongezeka ni mlinzi mwenye dai juu yake.

Ushahidi wa pili ni yambwa. Toroka hukubali kumtaja mwenye dai moja kwa moja, hata kwa kiambishi cha yambwa, jambo ambalo toweka haliruhusu:

(3) a. Mfungwa amemtoroka askari.
b. *Mfungwa amemtoweka askari.
c. Mwanafunzi ametoroka shule.

Kwa maneno mengine, mwenye dai ana nafasi yake katika muundo wa kitenzi chenyewe. Hata asipotajwa, msikilizaji humtafuta. Anayeambiwa “Fulani ametoroka” huuliza, “Amemtoroka nani?”

Kauli ya kutendea nayo hugeuza mwelekeo. Ametoroka Palma humaanisha kwamba Palma, mji wa Msumbiji ulio kusini mwa Mto Ruvuma, ndipo alipotoka. Ametorokea Palma humaanisha kwamba ndipo alipokimbilia. Kiambishi kimoja kinatenda kazi ambayo Kiingereza hukabidhi vihusishi viwili, na mfasiri asiye mwangalifu anaweza kumpeleka mtuhumiwa upande usio wake wa mto.

4.0 Ushahidi wa kauli ya kusababisha

Kauli ya kusababisha, torosha, inaithibitisha hoja ya dai kwa namna ya pekee. Imeoneshwa kwamba kitu kisicho na utashi hakiwezi kutoroka. Hata hivyo, kinaweza kutoroshwa:

(4) a. *Korosho zimetoroka.
b. Korosho zimetoroshwa usiku.

Mkoani Mtwara, ambako korosho ni zao kuu la biashara, sentensi ya (4b) hueleweka mara moja: korosho zimepitishwa kwa magendo nje ya utaratibu halali wa mauzo. Gunia halina utashi, lakini lipo chini ya dai la chama cha ushirika au la mamlaka ya ushuru. Dai hilo ndilo linaloiruhusu sentensi.

Matumizi ya torosha kwa binadamu yanahitaji uangalifu zaidi. Sentensi Kijana amemtorosha binti humfanya kijana kuwa mtenda na binti kuwa mtendwa aliye chini ya dai la walezi wake. Kitenzi ‘elope’ huwahesabu wote wawili kuwa watenda. Kwa hiyo, anayefasiri ‘elope’ kwa torosha amekwisha kuamua kwamba binti hakuwa na hiari, na anayefasiri torosha kwa ‘elope’ amekwisha kumpa hiari ambayo pengine hakuwa nayo.

5.0 Ushahidi wa kihistoria

Kisa kimoja kilichoanzia Mikindani kinasaidia kupima uhusiano wa siri na dai. Mwezi Machi 1866 David Livingstone alishuka huko akiwa na wafuasi waliojumuisha watu kumi kutoka kisiwa cha Nzwani, Komoro, chini ya uongozi wa Musa. Msafara ulifuata bonde la Ruvuma hadi Ziwa Nyasa. Mwezi Septemba mwaka huohuo, kwa hofu ya kushambuliwa na Wangoni, watu hao wa Nzwani walimwacha. Shajara za Livingstone, zilizochapishwa mwaka 1874, zinaeleza kwamba waliacha mizigo chini wakaondoka msafara ulipokuwa ukianza safari. Walipofika Unguja mwezi Desemba walitangaza kwamba Livingstone ameuawa, habari ambayo msafara wa E. D. Young ulithibitisha mwaka 1867 kuwa ni ya uongo.

Kuondoka huko kulikuwa kwa ghafla, lakini hakukuwa kwa siri, na mizigo haikuchukuliwa. Kitenzi ‘abscond’, kwa maana yake kamili, hakifai. Toroka kinafaa, kwa sababu wanaume hao walikuwa wamefunga mkataba wa kazi. Uongo ulikuja baadaye. Utoro ulikwisha kutimia pale mizigo ilipotuliwa.

Nomino mtoro inaonesha jinsi dai linavyobadilika mwenyewe. Katika karne ya 19 iliwahusu watumwa waliowakimbia mabwana wao. Utumwa ulipofutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 iliendelea kuhesabu kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai. Leo mtoro ni mwanafunzi asiyehudhuria masomo au mtumishi asiyefika kazini. Bwana amebadilika, umbo la maana halikubadilika.

6.0 Mtoro, mkimbizi na mfasiri

Shambulio la wapiganaji dhidi ya Palma mwezi Machi 2021 liliwalazimisha watu wengi kuhama ghafla, baadhi yao wakielekea mpaka wa Tanzania. Kuondoka kwao kulikuwa na ughafla, na kwa wengine siri pia. Hata hivyo, Kiswahili huwaita wakimbizi, si watoro, kwa kuwa waliowakimbia hawakuwa na haki yoyote juu yao. Kumwita mtu wa aina hiyo mtoro ni kumpa anayemfukuza haki ya kumdai.

Kwa msingi huo, mfasiri anayekutana na ‘abscond’ hana budi kuuliza kwanza ni nani mwenye dai. Aliyekuwa chini ya ulinzi halali ametoroka. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana asiyerudi mahakamani ameruka dhamana, usemi uliokwisha kukita mizizi. Mpangaji aliyehama usiku ilhali amelipa kodi yote ameondoka bila kuaga, na ambaye haijulikani kilichompata ametoweka. Mahali ambapo siri ni sehemu ya kosa, inapaswa kuongezwa waziwazi kwa kielezi kama vile kwa siri au kwa kujificha, kwa sababu toroka peke yake hakiibebi.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba siri, ambayo ni kiini cha ‘abscond’, ni sifa ya ziada tu katika toroka, na kwamba dai ndilo sharti la lazima la kitenzi hicho cha Kiswahili. Kamusi inayovilinganisha vitenzi hivi bila maelezo humwachia mtumiaji mzigo wa kuamua kesi asiyoijua. Baharia wa Likombe anaweza kuwa amekosa adabu, amepatwa na ajali au amevunja mkataba. Kabla hilo halijathibitishwa, kumwandika kuwa ametoroka ni kumhukumu kabla hajasikilizwa.