Cheti cha Jengo la Kijani na Nyumba za Mawe za Lamu

Cheti cha jengo la kijani ni hati inayothibitisha, baada ya ukaguzi wa mtu asiye na maslahi katika jengo, kwamba limesanifiwa ili litumie nishati, maji na vifaa kwa uangalifu. Mfumo wa EDGE, ulioasisiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa lililo chini ya Kundi la Benki ya Dunia na unaotumika pia Kenya, hudai akiba ya angalau asilimia 20 katika kila moja ya mambo hayo matatu, jengo likilinganishwa na la kawaida. Kwa upande wa vifaa, huhesabiwa madhara ya kuvichimba, kuvichoma na kuvitengeneza.

Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, uliyajua mengi ya hayo mapema. Kuta nene za matumbawe na chokaa huchelewesha joto la mchana, kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, huingiza mwanga na upepo, na vichochoro vyembamba huzifanya nyumba zitiliane kivuli. Katika birika la kuogea maji huchotwa kwa kata, na samaki wadogo hufugwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Uangalifu huo una sababu, kwani maji matamu ya mji hutegemea mvua inayohifadhiwa chini ya matuta ya mchanga ya Shela, na yakichotwa kupita kiasi maji ya chumvi huyafuata.

Hata hivyo, kuiga kila kitu cha kale si kuhifadhi mazingira. Boriti za dari za nyumba hizo hukatwa mikokoni, na usafirishaji wake nje ya Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1982. Matumbawe huchimbwa, na chokaa huchomwa kwa kuni nyingi. Nyumba mpya, basi, irithi kiwanda, kivuli na njia ya upepo, bali vifaa vyake vipimwe upya. Nyumba iliyokwisha kusimama ikarabatiwe badala ya kubomolewa, na kwa chokaa, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe na chumvi ikaula.

Anayetaka cheti Lamu na aanze kwa fundi wa chokaa kabla ya muuza viyoyozi.