Kustaafu Thailand ukiwa Mkanada: Kwa nini pensheni kamili peke yake haitoshi kupata viza

Chukua pensheni zote mbili za serikali ya Kanada, kila moja kwa kiwango chake cha juu kabisa kwa mtu wa miaka 65. Zijumlishe. Bado hazifikii kipato ambacho idara ya uhamiaji ya Thailand inataka kukiona kila mwezi.

Jambo hili huwashtua wengi, kwa sababu wanachosikia siku zote ni kwamba Thailand ni rahisi. Na kweli ni rahisi. Nyumba ya kupanga Chiang Mai au Hua Hin ni nafuu mno ukilinganisha na Toronto au Vancouver, chakula cha mtaani ni kizuri, na Januari hakuna theluji ya kupiga koleo. Lakini kumudu kuishi ni jambo moja, kuruhusiwa kuishi ni jambo lingine.

Hesabu yenyewe

Mwanzoni mwa 2025, pensheni ya uzeeni ya Kanada iitwayo OAS, ile inayolipwa kutokana na miaka uliyoishi nchini humo, ilikuwa dola 727 za Kanada kwa mwezi kwa mtu wa miaka 65 hadi 74 anayestahili kiwango kamili. Ya pili ni CPP, inayotokana na michango iliyokatwa kwenye mshahara, kwa mtindo unaofanana na wa NSSF ya Kenya au Tanzania. Kiwango chake cha juu kwa anayeanza kuichukua akiwa na miaka 65 mwaka huo kilikuwa dola 1,433. Wengi hupata pungufu sana ya hapo.

Jumla ni dola 2,160. Kwa viwango vya kubadilisha fedha vya mwaka huo, hizo ni takriban baht 50,000.

Thailand humruhusu mgeni wa miaka 50 na kuendelea kukaa kama mstaafu mwaka mmoja mmoja, kwa sharti la fedha. Ama aonyeshe kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, ama awe na baht 800,000 kwenye benki ya Thailand, ama achanganye vyote viwili mpaka jumla ya mwaka ifike 800,000. Mstaafu wetu wa baht 50,000 kwa mwezi ana 600,000 kwa mwaka, kwa hiyo anahitaji nyingine 200,000 zilizolala benki. Na huyo ni yule aliyepata kiwango cha juu kila upande.

Ndiyo maana wengi huamua kuweka zile 800,000 zote, kama dola 34,000 za Kanada. Pesa hiyo lakini si ya kutumia. Anayeomba kwa mara ya kwanza lazima iwe imekaa benki miezi miwili kabla ya maombi, ibaki vilevile miezi mitatu baada ya kukubaliwa, halafu isishuke chini ya 400,000 muda wote unaobaki. Yaani ni pesa yako, lakini nusu yake huigusi maadamu unaishi pale kwa utaratibu huo.

Kitu kingine ambacho familia husahau: akaunti hiyo huwa kwa jina la mwombaji peke yake. Akifariki, benki huifunga mpaka taratibu za mirathi zikamilike.

Miaka 20, si 10

Hapa ndipo Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania waliohamia Kanada wakiwa watu wazima wanapaswa kusoma taratibu.

Ili kupata OAS ukiwa ndani ya Kanada, unahitaji kuwa umeishi huko angalau miaka 10 tangu ufikishe miaka 18. Kiwango kamili kinataka miaka 40. Lakini ili OAS ikufuate ukihamia nchi nyingine, sharti uwe umeishi Kanada angalau miaka 20 kabla ya kuondoka. Usipofikisha, unalipwa mwezi ulioondoka na miezi sita inayofuata, kisha malipo yanasimama mpaka urudi. Kanada ina mikataba na baadhi ya nchi inayoweza kusaidia kufikisha hiyo miaka, ila inategemea ulifanya kazi nchi gani hapo awali.

Tuseme mtu alifika Ottawa akiwa na miaka 48. Akifikisha 65 ana miaka 17 ya ukaazi, kwa hiyo anastahili sehemu 17 kati ya 40 za OAS, kama dola 309 kwa viwango vile vya 2025. Akipanda ndege mwaka huohuo, baada ya nusu mwaka hizo 309 hazipo. Akivumilia mpaka miaka 68, anakuwa na miaka 20 na anaondoka nazo maisha. Miaka mitatu tu ya baridi.

CPP haina shida hiyo, inalipwa popote duniani. Unaweza kuianza ukiwa na miaka 60, lakini kila mwezi unaowahi kabla ya 65 hupunguza asilimia 0.6, kwa hiyo anayeanza na 60 anapoteza asilimia 36 moja kwa moja. Ukichelewa baada ya 65, huongezeka asilimia 0.7 kwa mwezi mpaka miaka 70. Waliofanya kazi Quebec wana mfuko wao tofauti.

Kuna na GIS, nyongeza kwa wazee wa kipato cha chini. Hiyo haisafiri kabisa. Ukiwa nje zaidi ya miezi sita, inakatwa hata kama umeishi Kanada miaka 50. Kwa mzee ambaye nyongeza hiyo ndiyo inayolipa umeme na chakula, uamuzi wa kuhama unabadilika hapo hapo.

Kodi inakatwa juu kwa juu

Ukihama kikamilifu na Kanada ikakutambua kama si mkaazi tena kwa ajili ya kodi, pensheni zako hukatwa kodi kabla hazijakufikia. Kiwango cha kawaida ni asilimia 25, isipokuwa pale mkataba wa kodi unapokipunguza. Kwa asilimia hiyo, zile dola 2,160 zinabaki 1,620.

Kuna njia ya kupunguza maumivu. Kifungu cha 217 cha sheria ya kodi ya mapato ya Kanada humruhusu mstaafu aliye nje kujaza ritani ya Kanada na kutozwa kwa viwango vya kawaida, na mwenye kipato kidogo anaweza kurudishiwa sehemu ya alichokatwa. Lakini haiji yenyewe. Lazima uombe.

Upande wa Thailand, anayekaa siku 180 au zaidi katika mwaka huhesabiwa kuwa mkaazi wa kodi. Tangu Januari 1, 2024, mapato ya nje anayoyaingiza nchini humo yanaweza kutozwa kodi. Akiba iliyopatikana kabla ya tarehe hiyo haiguswi, kwa hiyo taarifa ya benki ya mwisho wa 2023 ni karatasi ya kutunza vizuri. Nchi hizi mbili zina mkataba wa kuepusha kodi mara mbili, lakini mshauri wa kodi anayejua pande zote ni gharama ya kuiweka kwenye bajeti mapema.

Jambo dogo kuhusu akiba: akaunti ya TFSA, ambayo Kanada haiitozi kodi, unaweza kubaki nayo. Ila ukiendelea kuiongezea pesa ukiwa si mkaazi, utatozwa asilimia 1 ya ulichoongeza kila mwezi.

Ukiugua je?

Bima ya afya ya Kanada ni ya majimbo, na inadai uwepo wako. Ontario kwa mfano inataka uwe jimboni angalau siku 153 katika kipindi chochote cha miezi 12. Ukihama, unaiacha. Ukirudi British Columbia baadaye, unasubiri mwezi uliofika umalizike na miezi mingine miwili ndipo ianze tena.

Hospitali binafsi za Bangkok zina sifa kubwa, na wagonjwa huja kutoka nchi nyingi. Zinalipwa vilevile kama hospitali binafsi. Viza ya mwaka mmoja inayoombwa ukiwa bado Kanada, iitwayo O-A, inadai bima ya afya pamoja na cheti cha polisi na cha daktari. Wanaoingia kwa viza ya aina ya O na kuongeza muda wakiwa Thailand hawadaiwi bima kwa kawaida, na wengi huichagua kwa sababu hiyo hiyo.

Ni akiba ya hatari. Bima hupanda bei kadiri umri unavyopanda, kampuni nyingi hazipokei mteja mpya aliyepita miaka 70 au 75, na ugonjwa uliokuwa nao kabla huwekwa kando. Anayejiambia "nitakata bima nikizeeka zaidi" anaweza kukuta mlango umefungwa. Pikipiki nayo ina mtego wake: ukianguka bila leseni halali ya pikipiki, bima inaweza kukataa kulipa, na barabara za Thailand ni miongoni mwa zinazoua watu wengi zaidi Asia.

Mwenye matatizo ya kifua aitembelee Chiang Mai mwezi Machi kabla ya kusaini chochote. Kati ya Februari na Aprili mashamba na misitu huchomwa, na moshi hujaa bonde zima. Video za YouTube mara nyingi hurekodiwa Desemba.

Kupanga kwanza

Mgeni hamiliki ardhi Thailand. Anaweza kununua nyumba kwenye jengo la kondo, mradi sehemu ya wageni isizidi asilimia 49 ya eneo la nyumba zote katika jengo hilo, na pesa ya kununulia itoke nje ya nchi. Kuna pia kukodisha ardhi hadi miaka 30. Kuandikisha kiwanja kwa jina la mpenzi uliyekutana naye mwaka jana si mpango wa kustaafu.

Njia ya nusu mwaka

Kwa wengi, hasa wenye GIS au ambao hawajafikisha miaka 20, hesabu inaelekeza kwenye kuishi pande zote mbili. Kaa Thailand miezi mitano ya baridi, rudi Kanada Aprili. Chini ya siku 180 hugeuki mkaazi wa kodi wa Thailand. Chini ya miezi sita GIS haikatwi. Mkaazi wa Ontario anabaki na bima yake, na miaka ya OAS inaendelea kuhesabiwa maadamu makazi yake halisi yamebaki Kanada. Hasara yake ni kulipia nyumba mbili, au kuwa na mtoto mwenye chumba cha ziada Kanada.

Anayehama moja kwa moja ajiandae kwa karatasi. Kila siku 90 unaripoti anwani yako uhamiaji. Mwenye nyumba anatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24 kwamba amempokea mgeni. Na kufanya kazi kwa ruhusa ya mstaafu hakuruhusiwi.

Kosa linaloumiza zaidi ni la uwanja wa ndege. Simu inaingia usiku kwamba kuna msiba Montreal, mtu anafunga begi na kuondoka. Kama hakuchukua kibali cha kurudi kabla ya kutoka, ruhusa yake ya kukaa inakufa pale anapogongewa muhuri wa kuondoka, hata kama ilikuwa imebaki miezi kumi, na akirudi anaanza upya. Kibali cha safari moja ni baht 1,000, cha safari nyingi ni 3,800, na wengi wenye wazazi au watoto Kanada hukata hicho cha safari nyingi siku ileile wanayoongezewa mwaka.