Sumu ya chakula inayopooza mwili huku akili ikiwa timamu

WENGI wetu tukisikia kuwa mtu amedhuriwa na chakula, hufikiria kuhara, kutapika na kusokotwa na tumbo. Lakini kuna sumu ya chakula ambayo dalili zake kuu huonekana machoni na mdomoni. Ugonjwa huo huitwa botulisimu, na usipotambuliwa mapema unaweza kuua.

Husababishwa na bakteria ambao mbegu zao huishi udongoni na hazifi hata maji yakichemka. Zikiwa ndani ya chakula kilichofungwa pasipopita hewa, mbegu hizo huweza kuota na kutoa sumu. Sumu hiyo huzuia neva kupeleka ujumbe kwenye misuli.

Kwa kawaida dalili huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula, ingawa huweza kuchelewa siku kadhaa. Kope hulegea, mgonjwa huona kitu kimoja kama viwili, ulimi huwa mzito, mdomo hukauka na kumeza huwa shida. Kisha udhaifu hushuka shingoni, mikononi, kifuani na miguuni, pande zote mbili za mwili. Kiharusi, kwa kawaida, hushika upande mmoja.

La kushangaza ni kuwa mgonjwa huyu mara nyingi hana homa, na akili yake ni timamu. Husikia na kuelewa yote yanayosemwa, hata akishindwa kufumbua macho au kujibu. Wanaomwona hudhani amelewa, wakamwacha alale. Hapo ndipo penye hatari, kwani misuli ya kupumua ikilegea, atakata roho.

Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, na daktari aelezwe alichokula. Dawa ya kupinga sumu huzuia hali isizidi, lakini haiondoi kupooza kulikokwisha kutokea. Wengine huhitaji mashine ya kupumulia kwa wiki au hata miezi, hadi neva zipate nafuu.

Mwaka 1991 mjini Cairo, Misri, watu 91 walilazwa baada ya kula samaki wa chumvi aitwaye faseikh, 18 walifariki. Hapa Kenya, mkasa uliotokana na kula kumbikumbi uliripotiwa katika jarida la madaktari la Uingereza mwaka 1980.

Usinunue kopo lililofura au linalovuja, wala usionje chakula unachokishuku. Chakula kilichofungwa na kuhifadhiwa nyumbani kichemshwe dakika 10 kabla ya kuliwa, kwani sumu yenyewe, tofauti na mbegu, huharibiwa na moto.