Ukirimu wa Dafu

Siku moja ya Februari, upepo wa kaskazi umelala na Mji wa Kale unafukuta kama tanuri, alinijia barazani kijana niliyemfundisha zamani. Mkononi alishika dafu lililokwisha kukatwa. "Shikamoo, mwalimu. Nimekuletea dawa ya figo." Nilimshukuru, kisha nikalikataa. Nilipouona uso wake ukisawijika, nikatambua kuwa nina deni la kumweleza, yeye na wengine wenye nia njema kama yake.

Mafigo yangu hayafanyi kazi tena. Mara mbili kwa wiki nalala kwa muda wa saa nne kando ya mashine isafishayo damu, humu humu kisiwani. Mashine hizi chanzo chake ni Uholanzi, ambako mwaka 1943 daktari Willem Kolff alitumia utando wa kufungia soseji kuchujia damu ya mgonjwa. Maarifa yamekua tangu hapo, lakini hesabu ya maji ni ile ile. Mwenye figo nzima hunywa, akakojoa. Mimi ninywapo, maji hubaki mwilini. Lita moja ni kilo moja, na mzani hausahau. Yakizidi, miguu huvimba. Yakiingia mapafuni, pumzi hukatika. Kuyatoa nako ni adhabu: mashine ivutapo kilo tatu au nne kwa mara moja, shinikizo la damu huporomoka, kichwa huzunguka, na misuli ya miguu hukakamaa hata mtu mzima akalia.

Kwa hiyo daktari amenipimia: kiasi cha mkojo nitoao kwa siku, na nusu lita juu yake. Ndani ya kipimo hicho mna chai, uji, mchuzi, hata barafu. Kila asubuhi natia maji ya kipimo changu katika chupa. Nikinywa kahawa, nayapunguza kwa kiasi kile kile. Kiu inikabapo nasukutua kinywa, nikatema, au nalamba kipande cha ndimu. Zaidi ya yote nimeikimbia chumvi, maana kiu yetu huanzia sahanini: papa mkavu wa Marikiti, achari, na mihogo ya kukaanga ya Mama Ngina.

Dafu lina hatari ya pili. Limejaa potasiamu, ambayo figo nzima huitoa bila taabu. Kwetu sisi hulimbikizana katika damu hadi moyo ukapotewa na mapigo, na yamkini ukasimama.

Hata hivyo, kigumu kuliko kiu ni ukirimu wetu. Nipitapo Kibokoni jioni, kila baraza huniita kahawa, na kukataa huonekana kama dharau. Nimewahi kunywa kwa haya, baraza baada ya baraza, na kesho yake nikayalipa yote kitandani.

Walimu wenzangu, tufundishapo somo la figo tusiishie kwenye mchoro wa ubaoni. Tuwazoeze wanafunzi kumwuliza mgonjwa, "Umeruhusiwa nini?" kabla ya kumkirimu. Nanyi wanafunzi, mgonjwa akisema "Basi," msimbembeleze.

Yule kijana siku hizi huja mikono mitupu. Huketi nami, tukazungumza hadi adhana ya magharibi, na jioni hizo chupa yangu hubaki na maji.